Marahaba ya Kidawa

Usiku wa kuamkia leo niliota runinga yangu ya sebuleni imevaa suti na inaniita kikaoni. Sikushangaa suti. Nilichokasirikia ni kwamba haikunikaribisha kiti, na nyumba ni yangu.

"Wewe ndiye Nakundwa?" ikauliza.

"Ndiye."

"Uliyekuwa ukimsemea yule mtoto?"

"Ndiye mimi. Kuna nini tena?"

Ni kweli nilimsemea. Zamani kidogo, kabla kichwa changu hakijaota mvi, nilikuwa sauti ya Kidawa kwenye katuni moja ya vichekesho. Kidawa alikuwa binti wa miaka sita, wa kuchorwa, mwenye kichwa kikubwa kama boga, gauni la rangi ya machungwa, na vidole vinne kila mkono kwa sababu wachoraji walisema cha tano kinawachelewesha. Alikuwa na akili za kuwashinda wakubwa wote wa mtaani kwao. Mimi, mtu mzima na heshima zangu, nilisimama mbele ya kipaza sauti, nikabana koo, nikawa mtoto. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu.

Kisha siku moja Kidawa alimwuliza mwenyekiti wa kikao cha harusi kwa nini kamati inakula pilau kila inapokutana, halafu siku ya harusi yenyewe watoto wanapewa ukoko. Basi, kosa. Wakubwa wa kituo wakasema kipindi kinafundisha watoto utovu wa adabu. Wakakikata katikati ya tukio, hata wiki haikuisha, na hakuna aliyenipigia simu kuniambia pole. Roho inaniuma mpaka leo.

"Mtoto wako yuko uani," runinga ikasema. "Anatuzibia njia. Akiondoka mwenyewe, vizuri. Asipoondoka, tutamfuta."

"Mtamfuta kwa kosa gani?"

"Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo."

"Huyu hakui!" nikafoka. "Mlimchora ninyi wenyewe, na mlimchora asikue!"

Runinga ikaandika jambo hewani kwa kidole chake cha antena, ikanionyesha mlango.

Nafungua mlango wa jikoni, na jikoni hakuna. Kuna ua wa akina Kidawa, ule ule, na banda lake la kuku lenye kuku mmoja aliyechorwa upande mmoja tu. Katikati ya ua Kidawa amepiga magoti mbele ya Babu Sengo, babu yake. Gauni lake bado linang'aa rangi mbichi. Ananiona, anafungua mdomo, na maneno yanatoka kwenye mdomo wangu.

"Nimeshamwamkia," nikajisikia nikisema kwa sauti ya kitoto. "Sasa nasubiri."

"Unasubiri nini, mwanangu?" nikamwuliza kwa sauti yangu.

"Marahaba," nikajijibu kwa sauti yake.

Hapo nikakumbuka. Neno la mwisho nililorekodi lilikuwa "Shikamoo, babu." Walikata pale pale. Babu hakuwahi kuitikia, na mtoto aliyelelewa vizuri hainuki mbele ya mkubwa kabla hajaitikiwa. Kwa hiyo alibaki pale, magoti chini, mvua ya kuchorwa ikimnyeshea na jua la kuchorwa likimkausha, miaka nenda miaka rudi.

Nilichemka. Nikageuka nikaikuta runinga imesimama nyuma yangu, na kando yake kopo la maziwa ya unga, lile lililokuwa likihifadhi vicheko vya kipindi.

"Mlisema huyu hana adabu!" nikaiambia. "Mtoto ametoa salamu, mkubwa hajaitikia, na asiye na adabu ni mtoto? Nyie mlizaliwa wapi?"

"Ha ha ha ha," kopo likacheka.

"Na wewe nani kakuuliza?"

"Mimi hucheka palipoandikwa kicheko."

"Hapa hapajaandikwa."

"Samahani, mama," kopo likasema, likajifunika.

Nikamgeukia Babu Sengo nimwambie aitikie tuyamalize. Chini ya masharubu yake palikuwa karatasi tupu. Hakuwa na mdomo.

"Mdomo wa Babu umeazimwa," runinga ikasema. "Uko kwenye tangazo la sabuni."

Sikuomba ruhusa. Niliruka ua, na upande wa pili ulikuwa tangazo lenyewe: mashuka meupe yanapepea bila upepo, mabeseni yanacheka, akina mama wanafua wamevaa viatu virefu, jambo ambalo sijaliona kwa macho yangu tangu nizaliwe. Juu ya kamba, umebanwa kwa kibanio, ulikuwa mdomo wa Babu Sengo.

"Doa limekwisha!" ukasema. "Doa limekwisha!"

Nikaubandua.

"Huwezi kuuchukua," shati jeupe likaniambia kutoka kwenye kamba. "Huo mdomo una mkataba."

"Na mimi nina mtoto."

Shati likafikiri. "Basi usinikunje," likasema, likatazama pembeni.

Nikarudi mbio. Nikaubandika mdomo chini ya masharubu, nikaulainisha kwa kidole gumba usiwe na mikunjo. Kidawa akarekebisha magoti, akainamisha kichwa. Akasema, kupitia kwangu, "Shikamoo, babu."

Babu Sengo akajikohoza. Akanyoosha mgongo. Akamtazama mjukuu wake kwa upendo wote ambao mchoraji alimpa.

"Doa limekwisha!" akasema.

"Siyo hivyo, babu."

"Doa limekwisha!"

Machozi yalimlenga mzee. Nilimwona anajitahidi, anabana taya, anatafuta neno lake la zamani, na kila akifungua mdomo inatoka sabuni. Walimtumia mpaka wakamharibu. Hata kopo halikucheka.

"Kikao kimefungwa," runinga ikasema. "Ufutio uingie."

Ufutio unaingia. Una ukubwa wa godoro na umevua kofia. "Hamjambo humu," unasema kwa upole. "Naanza na vidole vya miguu, ndio kawaida yetu." Unaanza. Vidole vya miguu vya Kidawa vinageuka vumbi la kijivu, kisha nyayo, na yeye hainuki, kwa sababu hajaitikiwa.

"Acheni!" nikapiga kelele. "Nitamwitikia mimi! Mimi ni mkubwa kwake!"

Runinga ikashika tai yake. "Koo moja haliamkii na kuitikia. Ukimwitikia kama mkubwa, sauti yake itakutoka. Hutaipata tena."

Sitaki kudanganya, nilisita. Ile sauti nimeitunza kama nguo ya sikukuu. Naijaribu asubuhi bafuni, naisikiliza kama bado ipo, kwa sababu moyoni nilijua iko siku watanipigia simu waseme, Nakundwa, tulikosea, kipindi kinarudi, njoo. Bila ile sauti mimi ni mama wa kawaida anayezomea runinga. Waliniondolea kipindi, na sasa wanataka niwakabidhi na koo kwa mikono yangu mwenyewe!

Ufutio ukafika kwenye vifundo vya miguu.

Kidawa akainua mkono, kama alivyokuwa akiuinua kila kipindi. "Nina swali," nikasema kwa sauti yake.

"Uliza," nikasema kwa yangu.

"Hii sauti ni yako au ni yangu?"

Runinga ilitazama viatu vyake. Kuku akageuza ule upande wake mmoja. Na mimi nilikasirika kuliko nilivyowahi kukasirika, kwanza kwa runinga, halafu kwa mtoto, halafu nikajikasirikia mwenyewe, maana jibu nililijua na nilikuwa nimelikalia wakati wote yeye akiwa magotini.

"Marahaba," nikasema. "Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Kitu kikateleza kooni mwangu, kidogo na cha moto, kama tonge lililokwama kisha likapita. Ufutio ukasimama. "Ameitikiwa," ukasema, ukavaa kofia, ukajifutia njia ya kutokea. Miguu ya Kidawa ikajichora upya, mstari kwa mstari. Akainuka. Magoti yalilia.

"Sijambo," akasema, kwa mdomo wake mwenyewe.

Akanishika mkono, akaubusu, akaubana kama mtu anayefunga mlango vizuri. Akamwinamia babu yake, akamfuta machozi. Kisha akaigeukia runinga, mikono kiunoni.

"Na wewe nina swali."

Runinga ikajizima.

Nikaamka. Jua lilikuwa limeshaingia dirishani na runinga ipo mahali pake, haina suti, ina vumbi. Nikaketi kitandani, nikabana koo nilivyozoea. "Shikamoo, babu," nikasema. Ikatoka sauti ya mama mtu mzima. Nikajaribu tena, nikabana mpaka nikakohoa. Ilikuwa yangu tu.

Nililia kidogo, siwezi kuficha. Ndipo nikaona kwenye mkono wangu wa kulia alama za rangi ya machungwa: vidole vitatu na gumba, vidogo, vya mtoto.

Nikaenda bafuni. Nikachukua ile sabuni wanayoitangaza, nikasugua mpaka povu likajaa beseni, nikasuuza, nikautazama mkono juani.

Doa halijaisha.