Lenzi Moja, Kamera Mbili

Lenzi ilianza kucheza Jumatano, siku tatu kabla ya harusi ya Shiku. Mwihaki alikuwa nyumbani kwake, mtaa wa Satellite, akiijaribu, na kila alipozungusha pete ya fokasi, lenzi nzima ilisogea kidogo, kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Ilikuwa ya marehemu baba yake, Ephantus, aliyepiga picha za harusi kwa miaka thelathini. Shiku, binamu yake, alikuwa amemwomba jambo moja tu: "Nipige picha na ile ya Uncle. Si ndiyo alimpiga mum nayo kwa harusi yake?"

Mwihaki alikaza skrubu zote za adapta, ile pete ya chuma inayoshikanisha lenzi ya zamani na kamera mpya. Haikusaidia. Alhamisi akanunua adapta nyingine mjini. Lenzi ikacheza vilevile. Muuzaji alipomwona amekaribia kulia, akamwelekeza kwa fundi mmoja, ghorofa ya pili ya jengo kuukuu karibu na Biashara Street.

Fundi huyo, Balbir, alikuwa mzee wa Kisikh mwenye ndevu nyeupe. Aliipokea lenzi, akaigeuza mara moja tu.

"Hii ni ya Ephantus. Yeye mwenyewe yuko wapi?"

"Alituacha miaka minne iliyopita, mzee. Mimi ni binti yake."

Balbir aliiweka lenzi mezani taratibu, akavua miwani. "Hakuna mtu aliniambia," akasema.

Akaivaa tena, akaanza kazi. Alishika kamera kwa mkono mmoja na adapta kwa mwingine, akazitikisa. "Huku iko sawa." Akashika adapta na lenzi. "Shida iko hapa." Akampa kioo cha kukuzia. Nyuma ya lenzi kulikuwa na masikio matatu ya chuma yanayoingia ndani ya adapta. Yote yalikuwa yamelika. Moja lilikuwa jembamba kama ukucha.

"Ilianguka?" Mwihaki akauliza.

"Hapana. Imetolewa na kurudishwa sana. Baba yako alikuwa na kamera mbili, moja ya filamu ya rangi, moja ya black and white. Lenzi nzuri ilikuwa hii tu. Harusini, kila dakika anatoa hapa, anaweka pale."

Mwihaki alimwona tena baba yake, amechuchumaa nyuma ya mabenchi ya kanisa, kifuniko cha lenzi mdomoni, mikono ikihangaika. Wapigapicha wengine walisimama wima kama mabwana. Akiwa na miaka kumi alimwonea aibu. Alidhani baba hajui kazi.

"Niko na nyingine kama hii," Balbir akasema. "Kioo chake kimeota ukungu, lakini chuma ni kizima. Naweza kubadilisha. Lakini chuma hiki cha baba kitatoka."

Mwihaki akasita. "Yeye angesemaje?"

Balbir akacheka. "Ephantus? Angeuliza namaliza saa ngapi."

"Basi badilisha, mzee."

Kazi ilichukua dakika arobaini. Lenzi iliingia, ikalia *ka*, ikatulia. Mwihaki akataka kuijaribu hapo hapo, akamwomba mzee asimame kando ya dirisha. Balbir akatoa kitana mfukoni, akanyoosha ndevu.

"Miaka hamsini nashika kamera za watu," akasema. "Hakuna hata mmoja amenipiga."

Mwihaki alizungusha pete polepole, mpaka kope za mzee zikaonekana moja moja. Akabonyeza.

"Usinitumie kwa simu," Balbir akamwambia. "Niletee ya karatasi."

Harusi ilifanyika mtaa wa Karen na picha zikatoka vizuri. Jumatatu Mwihaki alizunguka maduka matatu kabla ya kupata pa kuchapisha picha ya mzee kwa ukubwa alioutaka. Balbir aliishika kwa kingo, asiache alama ya vidole.

"Nimezeeka," akasema. Akaisimamisha dirishani, akaendelea kuitazama hadi chai yake ikapoa.