Penseli ya Buluu

Gazeti lilifika ofisini saa nne asubuhi, likapita mikononi mwa wahandisi wawili na mpokea wageni kabla halijatua kwenye meza ya mchora ramani. Ukurasa wa kati ulikuwa na picha ya shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa, kidole shavuni kama mtu anayewaza mambo mazito. Mwandishi alimuuliza ule mji wa ajabu kwenye vitabu vyake vya manga, zile hadithi za picha za mtindo wa Kijapani, aliutoa wapi. Shemeji akajibu kwamba aliuota. Akaulizwa kama ana msaidizi. Akasema yupo mdogo wa mke wake, mwanamke mkimya sana, humwoshea kalamu.

Mchora ramani aliisoma sentensi hiyo mara tatu. Kisha akarudi kwenye mchoro wa mabomba ya maji machafu ya jengo la ghorofa sita, akaumaliza bila kosa hata moja. Hasira yake haikuwa ya kumwaga. Ilikuwa ya kuweka akiba, na akiba ilikwisha kuwa kubwa.

Mji ule haukuotwa na mtu. Aliuchora yeye, kwa rula ya ofisi, katika saa za chakula cha mchana, miaka kumi na mmoja iliyopita: minara mirefu isiyo na mlango wala ngazi, madaraja yanayokatika hewani, na katikati yake Mjumbe, msafiri aliyevaa helmeti asiyoivua kamwe. Hakuna aliyejua kama Mjumbe ni mwanamke au mwanamume, wala nani alimtuma. Kurasa thelathini zingeweza kupita bila neno hata moja. Vitabu husomwa kuanzia kulia, hivyo wasomaji wa mwanzo waliingilia mkiani, wakakutana na mwisho, wakarudi kichwani wakiwa wamechanganyikiwa na kufurahi. Walivipenda kwa sababu hiyohiyo. Wapo wanaosoma wapate jibu, lakini hawa walikuwa wakisoma wapate swali zuri la kutembea nalo.

Kazi yenyewe ilifanyika hivi. Yeye alichora ukurasa mzima kwa penseli ya buluu hafifu, na shemeji akapitisha wino mweusi juu ya mistari. Mashine ya kupigia picha kurasa kule kiwandani haioni buluu hiyo. Huona wino tu. Kwa hiyo hakuna aliyejisumbua kuifuta. Na kwa kuwa shemeji alikuwa na mkono mzuri na kichwa kizito, mchora ramani alizoea kumwandikia maelekezo humohumo kwenye ukurasa, kwa buluu, pembeni na katikati ya minara. Shemeji aliyasoma, akayafuata, akayasahau. Watu wa wino hufika mahali macho yao yakaacha kabisa kuiona buluu, kama vile anayekaa jirani na mashine ya kusaga anavyoacha kuisikia.

Walikubaliana majina mawili jaladani. Kitabu cha kwanza kilitoka na moja. Shemeji alisema mchapishaji ndiye aliyetaka hivyo, na kitabu kijacho mambo yatarekebishwa. Mchora ramani alipokwenda kulia kwa dada yake, dada alimwambia amvumilie, yule ndiye baba watoto wake. Akavumilia kitabu cha pili, cha tatu, hadi cha kumi na moja. Kikulacho ki nguoni mwako, na cha kwake kilikuwa kikimkaribisha chai na kumwuliza habari za kazini.

Sasa cha kumi na mbili, cha mwisho, kilikuwa kimekamilika. Kilibaki kuchapwa tu, pamoja na jalada lake. Likishachapwa na jina moja vilevile, hadithi imefungwa, na yeye atabaki mwosha kalamu mpaka siku ya kuzikwa.

Jioni ile alikwenda kwa dada yake kama kawaida, akasalimia kama kawaida, akalisifu gazeti. Shemeji alikuwa akitafuta namna ya kukitangaza kitabu hicho kabla hakijachapwa. Mchora ramani akamshauri kwa sauti ya upole kwamba wasomaji wameona kurasa zilizochapwa tu. Kwa nini asiwaonyeshe zile zenyewe, zilizotoka mezani kwake? Ukutani, nyuma ya vioo, na taa kali. Watu wauone mkono wake ulivyopita.

"Hilo ni wazo la maana, shemeji," alisema yule mume wa dada. "Wewe ukiamua kufungua mdomo, unafungua kweli."

Shemeji alizichagua mwenyewe kurasa arobaini. Alizipangusa mwenyewe, na taa akazitafuta mwenyewe, kali kuliko zote. Mhariri wa kampuni ya uchapishaji akaja kuzikagua mara mbili. Wote wawili walikuwa wakitafuta matone ya wino, na waliyapata mawili, wakayakwangua kwa wembe. Buluu ilikuwa imejaa mbele yao kila ukurasa, hakuna aliyeiona. Walikuwa wamejifunza kutoiona kwa miaka kumi na mmoja. Mchora ramani alisimama nyuma yao ameshika vioo, moyoni akicheka.

Maonyesho yalifunguliwa Jumamosi mchana katika ukumbi wa maktaba. Watu walikuja wengi, wengine wamevaa helmeti za maboksi walizozikata na kuzipaka rangi wenyewe. Shemeji alikaa mezani na kalamu yake, dada kando yake kavaa vizuri, na foleni ya kutiwa sahihi vitabu vya nyuma ikaanza. Mchora ramani alijiegemeza ukutani karibu na mlango. Hakuwa na la kufanya tena. Njia ya mwongo ni fupi, na hii alishaipima kwa rula.

Aliyeanza alikuwa muuguzi aliyekuja moja kwa moja kutoka zamu, bado na sare yake. Aliinama mbele ya ukurasa wa minara, akainama zaidi, pua karibu na kioo.

"Hapa kuna maandishi," alisema, akaanza kusoma. "Shemeji, fuata mistari yangu kama ilivyo. Juzi uliongeza dirisha, nikakaa siku mbili kuliziba."

Wengine wakasogea kwenye kuta nyingine. Kila mmoja akapata la kwake. Mmoja akasoma: shemeji, mkono huu una vidole vitano, hesabu kabla ya kupaka. Mwingine akasoma: shemeji, usiniulize kwa nini anageuka, wewe paka tu. Kicheko kilianzia pembeni kikatambaa ukumbi mzima, na foleni ikaanza kukatika, maana kila mtu alitaka kujionea.

Muuguzi akageukia meza. Hakuwa na ubaya, alitaka kujua tu.

"Samahani, ni nani huyu anayekuita shemeji?"

Shemeji alicheka, akasema ni mizaha yake na nafsi yake. Mwalimu mstaafu mmoja akakifungua kitabu alichotiwa sahihi dakika ile, akakilinganisha na ukuta, akatikisa kichwa: huu mwandiko si ule. Basi shemeji akasema yeye alikuwa akitamka na mdogo wa mke wake akiandika. Mhariri, ambaye jasho lilishaanza kumtoka, alilikubali hilo haraka kama anayetupiwa kamba mtoni.

"Ni mimi ninayemwita shemeji," alisema mchora ramani kutoka mlangoni. Watu wakampisha njia, akasogea hadi katikati.

Mhariri alitazama huku na huku. Kitabu kilikuwa kinakwenda kiwandani Jumatatu, na mbele yake walikuwa wasomaji mia mbili wanaongoja. Akaamua lile litakalomaliza mambo upesi. Aliyeiumba hadithi hii, akasema, lazima anajua ndani ya helmeti mna nini. Basi na wajibu wote wawili.

Shemeji aliwahi. "Ni mashine. Hana uso. Ukiivua helmeti unakuta nyaya tu, na taa moja nyekundu."

Kijana mmoja aliivua helmeti yake ya boksi, akaitazama ndani, akaiweka chini ya kiti. Mwalimu mstaafu akauliza kwa sauti ndogo kama ni hivyo tu, miaka yote hii.

Mhariri akamgeukia mchora ramani.

Alijua. Alijua tangu ukurasa wa kwanza, na hajamwambia mtu, hata dada yake. Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi na ulimi ulikuwa wa moto. Alitaka kulisema. Alitaka kumwona shemeji akilisikia na kuelewa kwamba kwa miaka kumi na mmoja alipaka wino juu ya kitu asichokijua. Lakini alizitazama zile nyuso, jinsi zilivyojikunja kama za watu wanaongoja kuchomwa sindano, akatambua kwamba hawakutaka kuambiwa.

"Ninajua," alisema. "Siwaambii."

Muuguzi ndiye aliyecheka kwanza, kicheko cha mtu aliyerudishiwa kitu chake. "Ndiye huyu," alisema. "Ndiye mwenyewe."

Shemeji alisema kwamba hajui, anajifanya, kila mtu anaweza kukataa. Alisema mara ya pili, kwa sauti kubwa zaidi, na aliyemsikiliza hakuwepo. Foleni ilikuwa imejipanga upya mbele ya mchora ramani, akavutiwa kiti, akapewa kalamu. Mhariri akaja na daftari, akaomba jina lake kamili kwa ajili ya jalada. Alimtamkia polepole, mara mbili, akahakikisha limeandikwa sawasawa.

"Na yeye tumweke wapi?" mhariri aliuliza, akiepuka kutazama meza ya shemeji.

"Ndani, ukurasa wa mwisho kabisa. Herufi ndogo. Aliyepaka wino."

Utamu wa ushindi huo ulimshuka hadi vidoleni. Alitia sahihi kitabu baada ya kitabu, na kila alipoinua macho alimwona shemeji amekaa peke yake, kalamu haina kifuniko, wino unamkaukia. Hakuyageuza macho. Alikuwa ameingoja picha hiyo muda mrefu, akaitazama yote.

Dada yake alikuja kutoka ubavuni, hakushika foleni. Mkoba wake ulikuwa begani tayari.

"Umefurahi sasa?"

"Nimefurahi," alisema mchora ramani, na ilikuwa kweli.

"Haya. Wewe umemaliza, mdogo wangu. Mimi ndiye ninayerudi naye nyumbani."

Alikwenda akamshika mumewe mkono, wakatoka kwa mlango wa nyuma. Mchora ramani alikuwa ameupanga mchana ule kwa wiki saba, mpaka mahali pa kila taa, na hakuwahi hata mara moja kuifikiria njia ile ya kurudi nyumbani, na dada yake akiitembea. Mkono uliofuata ulikuwa umemnyooshea kitabu. Alikipokea, akauliza aandike jina la nani.