Wiki ya Thelathini na Moja

Jumatatu saa tatu asubuhi, mke wa fundi viatu alikuwa akipiga pasi shati la mumewe, kola kwanza kisha mikono, maana mumewe hakupenda kusafiri na mikunjo. Marehemu mumewe akaingia, viatu vimejaa udongo, akauliza begi lake liko wapi.

"Hata chai hunywi, baba?"

"Basi litaniacha, mke wangu."

Alizikwa miaka minne iliyopita. Kila mwaka mkataba wa likizo walioununua alipokuwa hai ulimtoa kaburini siku saba, wiki ya thelathini na moja ya mwaka, akapumzike katika nyumba ya kampuni ufukweni, daima. Neno hilo, daima, lilikuwa ukurasa wa kumi na tisa. Chini yake palielezwa kwamba mnunuzi anaweza kuvunja mkataba kwa barua ndani ya siku kumi.

Hawakuusoma. Siku ya kuuziwa, kampuni iliwaalika chakula cha mchana, ikawakirimu kama wakwe, ikawapa na mwavuli. Mke alifungua kinywa kusema waende na karatasi nyumbani wakazisome kwanza. Mume akamkanyaga mguu chini ya meza. Watu wamekulisha, utawaambiaje huwaamini? Wakatia saini.

Safari hii mke alimsindikiza mpaka ofisi ya kampuni, jirani na stendi. Wakaketi mbele ya karani, binti mwenye adabu zake.

"Nataka kuvunja mkataba, mwanangu. Hizi siku saba azimalizie nyumbani."

"Pole, mama. Siku kumi zilishapita."

"Lakini mwenzangu amekufa."

Karani alimtazama marehemu. "Naona, mama. Ila kifo hakimo kwenye sababu. Na vyumba vimejaa, atakaa mapokezini siku zote saba, kama miaka yote."

Mke akamgeukia mumewe. Kila mwaka mume alimwambia bahari ilikuwa nzuri.

"Ningekwambia nini?" alisema marehemu. "Mimi ndiye niliyekukanyaga."

Karani akasogeza karatasi nyingine.

"Mama ukitia saini hapa, wiki inakuwa ya wote wawili. Mtakaa pamoja."

Mke alikuwa amemkumbuka mumewe mno. Hakuuliza kurasa ni ngapi, akashika kalamu.

Chini ya meza, marehemu akamkanyaga mguu.

Akaiweka kalamu chini. Mumewe akachukua begi, akaenda kupanda basi la saa tano. Mke alirudi nyumbani na alama ya udongo kwenye kiatu, na hakuifuta wiki nzima.