Mfano Hai

Jumanne saa nne asubuhi mwalimu wa ujasiriamali alikuwa amepiga magoti chini ya meza, akikunja kipande cha karatasi ili aubane waya wa projekta, ambao kwa miaka mitatu ulikuwa umekataa kukaa bila kubanwa. Mlango ulikuwa wazi. Mama mmoja akapiga hodi, akakaribishwa, akakalia kile kiti chenye mguu mfupi ambacho wenyeji hukikwepa.

"Mimi ni mama yake yule mnayemwita kila mwaka," alisema. "Yule wa sweta."

Mwalimu alitoka chini ya meza akajipangusa magoti. Hakuwa na haja ya kuuliza yupi. Programu ilikuwa katika mwaka wake wa tisa, na muda wote huo ilikuwa na mfano hai mmoja tu: binti wa kundi la kwanza aliyenunua mashine ya kufumia akawa anawafumia sweta watoto wa shule saba. Kila mwaka, Alhamisi ya wiki ya saba, alikuja kuwasimulia wanafunzi alivyoanza. Alifariki mwanzoni mwa mwaka wa tano, shule zilipokuwa zinafunguliwa, kwa kichomi alichosema atakwenda kukitibu oda zikiisha. Mwaka huo barua ya mwaliko ilitumwa kama kawaida, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kumtoa kwenye orodha, naye akaja kama kawaida. Tangu hapo hakuna aliyeona sababu ya kubadili utaratibu.

"Anakuja vizuri tu, mama," mwalimu alisema. "Wala hachelewi."

"Najua hachelewi. Mimi ndiye niliyemlea. Nimekuja kukuomba mwaka huu msimwite."

Alieleza bila machozi, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia ya zahanati. Huko aliko binti yake, ruhusa ni siku moja kwa mwaka, tangu asubuhi hadi saa nane mchana. Maombi ya barua yenye mhuri husikilizwa kwanza. Yeye huomba kwa mdomo, na kila mwaka hukuta siku imeshachukuliwa na chuo. Haya aliambiwa ndotoni na marehemu mumewe, ambaye enzi zake alikuwa karani na taratibu za ofisi anazijua.

"Nyie mmemwona mara nne," alisema. "Mimi hata mara moja. Sina neno kubwa la kumwambia. Nataka akae nimtazame, ale, alale kidogo. Mtoto yule alikufa na usingizi machoni." Akautazama mhuri juu ya meza. "Wewe unao. Niandikie na mimi barua."

Wanasema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na mwalimu alikuwa na mabinti wawili. Aliona haya. Mchana ule ule aliandika barua kumwomba marehemu afike nyumbani kwa mama yake mzazi bila kukosa, akaigonga mhuri, akaiweka kwenye trei ya barua zinazotoka. Kila mwaka barua za kwenda kule ziliwekwa pamoja na nyingine. Asubuhi yake hazikuwepo, na mhudumu alikana kuzichukua.

Saa kumi mkurugenzi wa programu alikuja kuazima kibanio cha karatasi, kama alivyofanya kila siku kwa miaka tisa. Mkurugenzi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka tangu kabla ya kuteuliwa. Aliiona barua, akaisoma amesimama, kisha akaisoma tena amekaa.

"Alhamisi wanakuja watu wa tathmini," alisema. "Fomu yao inasema waonyeshwe mfano hai."

"Tutafute mwingine."

"Nani?"

Mwalimu alifungua daftari la wahitimu. Walikuwa mia tatu na kumi na wawili. Alipitisha kidole kurasa zote, akarudi, akapitisha tena.

"Hawa kumi na mmoja wana kazi nzuri."

"Wanafundisha ujasiriamali vyuo vingine. Hao si mfano. Hao ni sisi."

"Yupo mlinzi wa getini. Somo letu alipata A."

Mkurugenzi alilifunga daftari. Kisha akauliza, bila kutisha, "Mkataba wako unaisha mwezi gani?" Hakuwa akitisha kweli, maana wa kwake ulikuwa unaisha mwezi huo huo. Mwalimu alikuwa na mkataba wa mwaka mmoja uliokuwa umeongezwa mara nane, na biashara pekee aliyowahi kuifanya ni ya sungura, waliotoroka wote siku moja wakamwachia banda. Nje ya pale hakuwa na pa kushika.

Mkurugenzi alipoondoka, mwalimu aliitoa barua ya mama kwenye trei akaitia kwenye droo. Alichapa ile ya kila mwaka, akabadili tarehe tu, akagonga mhuri. Alijua anachokifanya. Kisha alimpigia mama simu.

"Mama, njoo wewe darasani Alhamisi. Nitakuwekea kiti cha mbele. Utamwona hapa hapa."

"Itakuwa vilevile?"

"Karibu na vilevile."

Mama alimshukuru, akamwombea heri yeye na watoto wake.

Alhamisi saa tatu kasorobo marehemu aliingia kwa mlango wa nyuma, na sweta lake la kijivu lenye manyoya ya uzi mikononi, akinukia udongo kidogo.

"Shikamoo, Mwalimu." Kufa hakukumpandisha cheo.

"Marahaba. Umelalaje?"

"Sijalala. Nilikuwa nafikiria nitasema nini." Akakaa. "Mama hajambo?"

"Hajambo. Leo anakuja. Kiti chake kile pale, nimekiwekea mkoba."

Binti aligeuka akakitazama kiti, kisha mlango, kisha kiti. Mwalimu hakuwa amemwona akitabasamu tangu alipokuwa mwanafunzi, na alifurahi, na kufurahi huko kulimuuma.

Watu wa tathmini walikuwa wawili, mwanamke na mwanamume. Waliomba simu zote zizimwe ziwekwe kwenye kikapu. Mwanamke alimpa marehemu mkono, akausikia ulivyo baridi, akaandika kwenye fomu yake: *Anapatikana.*

Binti alisimulia habari ya mashine, ya shule ya kwanza, ya mwalimu mkuu aliyezikataa sweta mia moja kwa sababu ya kola. Ukutani projekta ilionyesha neno *Ustahimilivu*, na chini yake: *Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.* Kila mlango ulipolia alinyamaza akatazama. Mara mbili ilikuwa ni mwanafunzi aliyechelewa. Mara ya tatu ilikuwa upepo.

Mwanafunzi wa mbele alinyoosha mkono akauliza siri ya mafanikio yake.

"Sikupumzika," alisema. "Nilikohoa wiki tatu huku nafuma. Nikasema nitakwenda hospitali sweta zikiisha. Hazikuisha. Jamani, msifanye hivyo."

Darasa zima liliinama likaandika. Mwalimu alichungulia daftari la mwanafunzi wa mbele. Lilikuwa limeandikwa: *1. Usipumzike.* Hakumsahihisha. Ndivyo ilivyokuwa kwenye mwongozo wa kusahihishia mtihani.

Baada ya hapo palikuwa na picha: ya pamoja, ya pamoja bila wanafunzi, na ya mfano hai ameshika sweta. Kisha wakampa dodoso la kurasa nne. *Je, programu imebadilisha maisha yako? Kidogo. Kiasi. Sana.* Alifikiri kidogo, akatia alama kwenye *Sana*.

Ilikuwa saa nane kasoro dakika kumi.

"Mwalimu," alisema bila kuinua kichwa, kalamu ikiwa inakwenda, "mama yuko wapi?"

Mwalimu alikimbia. Kwa umri wake na viatu vyake, alikimbia.

Mama alikuwa getini, kwenye kiti cha mlinzi, tangu saa tatu asubuhi. Alikuwa na kikapu miguuni, na juu yake mto umefungwa kwenye khanga.

"Mwalimu, nimekupigia mara tano," mlinzi alisema. "Agizo la leo ni mgeni bila kitambulisho asiingie. Nimempa kiti changu. Ndicho nilichokuwa nacho."

"Sikujua mtu huulizwa kitambulisho akienda kumwona mwanawe," mama alisema. Alisema hivyo tu, wala hakuwa akilalamika.

Mwalimu alimshika mkono, akachukua kikapu, na mlinzi, yule wa A, akatazama pembeni wapite. Magoti ya mama hayakuwa ya kukimbia. Walifika darasani saa nane na dakika tatu.

Kwenye kiti cha marehemu palikuwa na manyoya ya uzi wa kijivu, na kalamu ambayo haijafunikwa. Dodoso lilikuwa limeshakusanywa. Mama aliyaokota manyoya moja moja, akayaviringisha kiganjani mpaka yakawa kijidonge. Wala hakulia. Aliyelia ni mwalimu, naye alijigeuza kama anayetafuta swichi.

Mkurugenzi aliingia ameshika cheti cha *Mfano Hai* kilichoachwa na watu wa tathmini, tai imelegea. "Wametuongezea miaka mitano," alimwambia mwalimu kwa sauti ya mtu aliyeongezewa mzigo. Alipomwona mama akampa pole, na kwa kuwa hakuwa na kingine mkononi, akampa cheti.

Mama alikisogeza mbali na macho, akakisoma polepole.

"Wameandika hai?"

"Ndiyo, mama," mwalimu alisema. "Wameandika hai."

Alikikunja akakitia kikapuni, chini ya mto. "Mwakani ni lini?"

"Alhamisi ya wiki ya saba."

"Niandikie. Nisije nikasahau."

Mwalimu alipapasa mifuko, hakupata karatasi. Akainama akakichomoa kile kipande kilichobana waya, na neno lililokuwa ukutani likazimika. Akaandika tarehe, akampa.

Mama alikifunga kwenye pindo la khanga pamoja na kijidonge cha uzi.

"Basi," alisema. "Kitambulisho nitakuja nacho."