Nusu ya Kushinda

Kocha alikuwa anamkata bandeji za mikononi kwa mkasi butu, akivuta zaidi kuliko kukata. Dobi hakusikia maumivu. Masikio yake yalikuwa upande wa pili wa shuka.

Chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa kimoja, tena stoo ya viti, na wanawake wawili waliotoka kupigana walitenganishwa na shuka lililotundikwa kwenye waya. Pambano lao la ngumi na mieleka lilikuwa la kwanza, saa nane mchana, ukumbi bado mtupu. Wenye majina wangepigana baadaye, mbele ya kamera.

"Taratibu, baba," Mama Pacha alikuwa anamwambia daktari. "Huo mkono si wa kuazima."

Daktari hakucheka. Kocha ndiye aliyecheka.

"Waliokutania kwamba wewe ni wa kufua soksi za watu tu, leo wameona. Umemfua, umemkamua, umemwanika!"

"Kocha, basi."

"Basi nini? Changamka. Nusu ya pili hiyo inakuja."

Mkataba ulikata malipo vipande viwili: nusu ya kuja, nusu ya kushinda. Ya kuja hukuiona hata rangi yake. Iliishia kwenye vipimo vya damu, leseni, kinga ya meno na fungu la kocha. Aliyeshindwa alirudi nyumbani na uvimbe wake. Kwa hiyo siku hizi watu hawakupiga mkeka kuomba waachwe. Ukikunjwa mkono, unauma meno na kumwomba Mungu kengele ilie.

Mama Pacha naye hakupiga mkeka. Kengele ilichelewa.

Walikuwa wa ukumbi mmoja wa mazoezi. Promota aliwapambanisha wao kwa wao kwa sababu kuleta mtu wa mbali ni nauli. Wiki mbili kabla ya pambano, Mama Pacha alimwonyesha Dobi kiwiko chake cha kulia, kimevimba kama andazi. Dobi akamkanda kwa taulo la maji moto.

"Usimwambie mtu, mdogo wangu. Wakijua, wananifuta kwenye orodha. Wale watoto wawili hawajui habari ya kiwiko."

Dobi aliapa. Na hakumwambia mtu. Lakini raundi ya tatu, akiwa nyuma kwa pointi, miguu imekufa ganzi, walianguka chini pamoja na mikono yote miwili ya Mama Pacha ikawa mbele yake. Alikuwa na nafasi ya kuukamata wowote. Alichagua wa kulia.

Mlango ulifunguliwa. Promota aliingia akinukia vizuri, karatasi mkononi.

"Hongera, binti yangu. Umenipa heshima." Akashusha sauti. "Kuna kitu kidogo tu. Daktari anasema kile kiwiko kina ubovu wa zamani. Nyinyi mnafanya mazoezi pamoja. Ulijua?"

Dobi alitazama vidole vyake.

"Aliyekuja na ubovu wake, kampuni haimtibu," promota alisema kwa sauti ile ile ya chini. "Si mimi, ni mkataba."

"Na nikisema sijui?"

"Basi tutachunguza. Uchunguzi ukianza, malipo ya pambano yanasimama, yako na yake. Miezi mitatu, minne." Akatabasamu. "Mimi sikulazimishi, mwanangu. Nataka ukweli tu."

Ukweli wenyewe ulikuwa ule ule aliokuwa ameapa kuuficha. Dobi alimgeukia kocha. Kocha alikuwa anafuta mkasi wake kwa ncha ya fulana, anaufuta mno.

"Saini, mama," alinong'ona bila kuinua macho. "Kodi ya chumba chako huijui wewe?"

Akasaini kwamba alijua. Promota akapuliza wino, akatoka kumtafuta karani.

"Mdogo wangu!" Mama Pacha aliita. "Umeshavaa? Njoo unifunge viatu, huku nina mkono mmoja."

Dobi akapita chini ya shuka. Mama Pacha alikuwa amekaa juu ya kreti ya soda, mkono umefungwa kifuani kwa kitambaa, uso una rangi ya majivu. Daktari alikuwa ameshaondoka.

"Usiniangalie hivyo, sijafa. Ulikuwa kazini. Hata mimi ningekuvunja, tena ningeimba."

Dobi alipiga magoti, akashika kamba za viatu.

"Sikiliza." Mama Pacha aliinama, pumzi yake ikamgusa sikioni. "Daktari kanibana, nikamwambia nimeumia leo hii hii. Ukiulizwa, neno letu liwe moja. Eh?"

Dobi alipitisha kamba kwenye tundu.

"Eh?"

"Sawa, dada."

"Mungu akuweke."

Koridoni viatu vya ngozi vilikuwa vinakaribia, jozi mbili, bila haraka. Mama Pacha alijifuta uso kwa mkono wa kushoto, akanyoosha mgongo.

"Hao wanakuja na barua ya hospitali. Kaza vizuri, nisije nikajikwaa mbele za watu."

Dobi alikaza fundo. Kisha akalifungua, akaanza upya.