Mikono ya Kerubo

Kerubo alitaka kuanza mechi ya voliboli ya Jumapili, lakini nafasi ya kupanga mipira kwa wapigaji ilikuwa moja tu. Kwa hiyo kabla ya mazoezi ya Alhamisi alikoroga kwenye maji unga wa kuongeza nguvu alioununua mjini Kisii, akauombea, akaunywa.

Muda si mrefu mikono yake ilianza kutetemeka. Kila mpira aliouinua ulienda kombo.

"Dada, unacheza voliboli au unafukuza nzi?" alimcheka Lynette, aliyekuwa akiigombea nafasi hiyo hiyo.

Kocha Tryphosa alimkalisha nyasini. "Umekunywa nini?"

Kerubo alimwonyesha kopo. Kocha akasoma yale maandishi madogo, akashika kiuno. "Wewe ni Msabato, chai na kahawa kwenu ni mwiko. Unachuma majani chai hapa Itumbe na hujawahi kuonja hata kikombe. Humu mna kafeini ya vikombe vinne vya kahawa!"

"Kahawa? Mungu wangu! Na nimeiombea!"

Lynette aliangua kicheko. Kerubo naye akacheka, huku moyo ukimwenda mbio. "Basi nafasi nimeipoteza, kocha?"

"Mikono yako naijua bila kopo. Kunywa maji, upumzike. Jioni ule ugali wa wimbi na maharagwe, ulale mapema. Kesho tutaona."

Ijumaa mikono ilikuwa imetulia. Kerubo aliinua mpira taratibu hadi juu ya wavu, Lynette akaruka na kuukita chini.

"Kocha," Lynette alisema akihema, "mwache huyu apange. Mimi nitapiga."