Watazamaji Wawili

Habari ilimfikia Bi Chapa Jumanne asubuhi, mikono yake ikiwa imejaa povu la sabuni. Simu ilitetemeka juu ya kabati la vyombo, ikanyamaza, ikatetemeka tena, kisha ikawa haikomi. Akajifuta kwa taulo, akavaa miwani, akasoma. Kampuni iliyomiliki chaneli ya filamu za kale ilikuwa imenunuliwa na kampuni kubwa zaidi, na wakubwa wapya walikuwa wametangaza kupunguza wafanyakazi. Idara ya kuchagua filamu ilikuwa na watu kumi na mmoja. Wangebaki wawili.

Kwenye kundi la simu watu walikuwa wameshaanza kuomboleza. Mmoja aliandika kwamba hiyo sasa ndiyo buriani. Mwingine akasema watu wanatia chumvi, chaneli haifungwi, inapunguzwa tu. Wa tatu akauliza ukimpunguza mtu kichwa anabaki nani. Bi Chapa aliweka simu kando. Alirudi kwenye vyombo vyake, akasuuza kikombe kile kile mara tatu.

Jina hilo la Bi Chapa alilipata kazini. Kwa miaka thelathini na mmoja alipiga chapa katika ofisi ya ardhi, barua za watu wengine na hati za viwanja vya watu wengine, kwa mwendo ambao vijana wa ofisi walikuja kuutazama kama mchezo. Hakuolewa. Si kwamba hakuposwa. Aliposwa mara mbili, na mara zote mbili jambo lilikwama palepale. Kaka yake alikuwa amehamia mbali, mama yao alikuwa mgonjwa, na ilibidi mmoja abaki. Akabaki yeye. Alipostaafu, macho ya mama yalikuwa yameshapofuka kabisa, na katika nyumba yao ya vyumba viwili, ghorofa ya tatu, wakawa wanawake wawili na runinga moja.

Ndipo walipoigundua ile chaneli. Kila siku saa nane mchana alitokea mwanamke mwenye shali, ameketi kwenye kiti chenye mikono, akaizungumzia filamu ya siku hiyo kwa dakika tatu: nani aliitengeneza, nani aligombana na nani, mvua ile mnayoiona ilitoka kwenye mpira wa wazima moto. Kisha filamu ikaanza. Mama alikuwa haoni, kwa hiyo Bi Chapa alikuwa macho yake.

"Anashuka ngazi," alikuwa akisema. "Ameshika barua. Hajaifungua."

"Anaogopa," mama alikuwa akijibu. "Hata ningekuwa mimi."

Walikwenda hivyo miaka sita. Mama alipofariki, nyumba ilijaa watu, kisha ikaisha watu. Siku ya kwanza ya kubaki peke yake Bi Chapa aliwasha runinga saa nane, na alipojishtukia alikuwa akisema kwa sauti, "Sasa anafungua mlango." Hapakuwa na wa kumuuliza ni nani huyo. Alipunguza sauti ya runinga haraka, kama mtu aliyefumaniwa.

Aliyemtia katika kundi la simu alikuwa binti wa kaka yake, ambaye alikuja kumjulia hali, akamkuta anabishana na mwigizaji aliyekufa zamani. "Shangazi," alimwambia, "wako wengine kama wewe." Na kweli walikuwako, mia tatu na kumi na wawili, wapenzi wa chaneli ile ambao hawajawahi kuonana. Kiongozi wao alikuwa Mwalimu, mstaafu aliyesahihisha maandishi ya watu kabla ya kujibu hoja zao. Alikuwamo pia mtu aliyejiita Wembe, ambaye aliandika maneno machache, na machache hayo yaliwachekesha wote. Bi Chapa alimchukulia kuwa kijana.

Wiki ile ya tangazo kundi liliwaka moto. Mwalimu alipendekeza barua kwa kampuni, wakakubaliana, na Bi Chapa akajitolea kuitunga na kuipiga chapa. Alikaa mezani siku nzima ya Jumatano. Maneno ya wakubwa alikuwa ameyaandika maisha yake yote bila kusita, lakini hii ilikuwa barua yake, na kila mstari ulimtazama usoni. Aliandika kwamba filamu hazihitaji mashine tu ya kuzirusha, zinahitaji mtu anayezijua. Akaandika kwamba mtu asiyeambiwa anachotazama ni kama mgeni aliyeachwa sebuleni bila kukaribishwa. Mstari huo aliufuta, kisha akaurudisha. Watu mia mbili na wanne walituma majina yao ya kuwekwa chini.

Wakaafikiana kuipeleka wenyewe makao makuu, Ijumaa saa nne asubuhi. Arobaini na sita waliahidi kufika. Mwalimu aliagiza kila mtu avae nyeupe na nyeusi, kama filamu zenyewe, ili kampuni ione umoja wao. Bi Chapa alipiga pasi blauzi nyeupe na sketi nyeusi aliyokuwa akiivaa kazini, akazitundika mlangoni, akazitazama.

Alifika saa tatu na nusu. Jengo lilikuwa la vioo tangu chini hadi juu, na mbele yake palikuwa na ukuta mfupi wa kukalia. Alikaa, bahasha mapajani. Saa nne ikafika. Saa nne na robo alikuja mzee mmoja mwembamba, shati jeupe, suruali nyeusi, kichwa kimenyolewa kiking'aa, akasimama mbele yake akamwangalia kwa muda.

"Wewe ndiye Bi Chapa," alisema. "Umekaa kama unasubiri imla."

Alikuwa Wembe. Alikuwa na umri wa miaka sitini na minane na alikuwa kinyozi; asubuhi ile alikuwa amefunga kibanda chake na kuandika kwa chaki mlangoni kwamba amekwenda kwenye kesi. Bi Chapa alitaka kumwambia kwamba alimdhania kijana, akaona aibu, akasogea kumpa nafasi.

Wakasubiri. Simu ilianza kuleta ujumbe mmoja baada ya mwingine. Mwalimu goti lilikuwa limemkataa tangu alfajiri. Mama mmoja alikuwa amepata wageni. Wengine walituma picha za mikono iliyokunjwa ngumi na kusema wako pamoja nao kwa moyo. Wembe alitazama kulia, akatazama kushoto, akasema hiyo mioyo imejaa mpaka hapana pa kuweka mguu. Bi Chapa alicheka, na kicheko kilipoisha akawahesabu wasiokuja. Watu arobaini na wanne. Alikuwa amemwamini kila mmoja wao.

Mlinzi aliwafuata, akawauliza kwa upole kama wao ndio wahudumu wa karamu ya mchana, maana mlango wa wahudumu uko nyuma. Walimweleza. Akaangalia bahasha, akaangalia nguo zao, akapiga simu ndani, na baada ya muda wakaitwa ghorofa ya pili.

Aliyewapokea alikuwa afisa wa mawasiliano, binti wa umri kama wa mpwa wake, mwenye adabu zake. Aliwapa maji ya kunywa. Aliisoma barua yote, hakuiruka hata ukurasa wa majina, na Bi Chapa alimshukuru kimoyomoyo kwa hilo. Kisha akawafafanulia. Alisema kampuni inawathamini sana watazamaji wake wa siku nyingi. Alisema chaneli itaendelea, ila kwa muundo mpya. Aliwageuzia kompyuta yake wakaona mstari ulioteremka kama mtu anayeshuka kilima, akasema hao ni watazamaji wa saa nane, miaka mitano mfululizo wanahama.

"Hatuhami, mwanangu," alisema Wembe. "Tunakufa."

Binti aliinamisha macho. Bi Chapa aliona kwamba zamu yake imefika, na kwamba yale yaliyomo kwenye barua yalikuwa yameshasomwa na hayakusaidia. Akapiga moyo konde. Alimsimulia habari za mama: kwamba alikuwa haoni, kwamba yule mwanamke wa shali alikuwa akieleza mambo kwa namna ambayo hata asiyeona anapata picha, kwamba mama alimwita "mgeni wetu" na saa nane ilipokaribia alitaka avalishwe kitambaa safi cha kichwani. Hakuwahi kuyasema hayo kwa mtu. Aliyasema taratibu, na binti alimsikiliza kalamu ikiwa mezani.

"Na mama anaendeleaje sasa?" aliuliza.

"Alifariki. Mwaka wa pili huu."

"Pole sana, Bibi." Kisha akauliza, bila ubaya wowote, "Kwa hiyo siku hizi unatazama na nani?"

Bi Chapa aliivuta glasi ya maji karibu. Akaitazama. Alijua kwamba angeweza kusema "na wenzangu mia tatu," na nusu saa kabla ya hapo angelisema. Wembe alikohoa, akaeleza kwamba kibanda kinamsubiri, akasimama, na Bi Chapa akamshukuru kwa kumwondoa pale. Binti aliwasindikiza hadi kwenye ngazi. Aliahidi barua itafika juu.

Walipofika chini walimkuta mwanamke mmoja anapigana na mlango wa kioo, mikono yake yote miwili ikiwa imekumbatia boksi. Wembe alimfungulia. Mwanamke akasema asante, na wote wawili wakaganda. Sauti ile wangeitambua hata gizani. Kwenye runinga alionekana mkubwa. Hapa alikuwa mfupi, amevaa sweta la kawaida, na shali ilikuwa ndani ya boksi pamoja na kikombe na viatu vya ndani.

Alishangaa walipomjua. Aliketi nao kwenye ukuta mfupi, boksi kati ya miguu, akawauliza kama ni kweli wamekuja kwa ajili ya kipindi. Wakamwambia ni kweli. Akauliza wako wangapi. Wembe akamwonyesha vidole viwili.

Hakucheka. Aliwaambia kwamba siku moja kila mwezi alifungiwa kwenye chumba kidogo, akarekodi maelezo ya mwezi mzima, akibadilisha shali. Mbele yake hapakuwa na mtu ila kamera, na karatasi yenye nukta nyekundu ambayo aliichora mwenyewe apate pa kutazama. Zamani barua zilikuja. Kisha zikakoma, naye akazoea kusema na nukta.

"Nilidhani hakuna anayesikiliza," alisema. "Nilikuwa naendelea tu kwa sababu hakuna aliyeniambia niache."

Bi Chapa alimwambia yapo maneno yake anayoyakumbuka hata leo. Akamtajia mwigizaji mmoja wa kike ambaye, kama alivyoeleza yeye, kila alipomaliza filamu aliomba apewe funguo za milango ya bandia iliyojengwa kwa ajili ya kuigizia, na alipokufa walikuta droo nzima ya funguo zisizofungua nyumba yoyote. Mama alilia siku ile.

Mtangazaji alitazama barabarani. "Hiyo niliitunga," alisema baadaye. "Karatasi yangu ilipotea, na kamera ilikuwa imeshaanza kurekodi. Nisameheni."

Bi Chapa na Wembe walitazamana. Kisha Wembe akaanza kutikisika mabega, na Bi Chapa naye akashindwa, na mtangazaji mwenyewe akafunika uso kwa mikono akacheka mpaka machozi yakamtoka. Gari lililokuja kumchukua lilimkuta hivyo. Aliwaandikia namba yake ya simu nyuma ya bahasha tupu. Dada yake alikuwa anaumwa, alisema, atakwenda kukaa naye. Bi Chapa alimpigia mara mbili wiki zilizofuata. Mara ya kwanza walizungumza, mara ya pili simu iliita hadi ikakatika.

Barua ilijibiwa kwa mistari minne, kila mstari wa shukrani. Mwisho wa mwezi maelezo ya saa nane yalikoma. Filamu zikawa zinaanza ghafla, na zinakatwa kabla ya majina ya mwisho kupita. Baadaye zikabaki filamu arobaini zikizunguka zile zile. Kwenye kundi watu walilalamika, kisha wakaacha kulalamika, kisha wakaanza kutumiana salamu za asubuhi zenye picha za maua. Kila siku simu iliandika kwamba fulani ameondoka. Wembe alimkaribisha kibandani, ambako alikuwa na runinga ukutani, naye akaenda Jumamosi moja. Wateja walivumilia dakika ishirini, kisha mmoja akaomba mpira, kwa heshima kabisa. Wembe alimtazama Bi Chapa. Bi Chapa mwenyewe ndiye aliyempa mteja rimoti.

Siku chaneli ilipofungwa haikutangazwa. Ilikuwa Alhamisi, katikati ya filamu, mtu akiwa anavuka daraja. Picha ikapotea, ikaja rangi ya buluu tupu. Bi Chapa alisubiri. Akaandika kwenye kundi, "Na kwenu pia?" Alisubiri tena, na jibu lililokuja lilikuwa moja, la Wembe: "Na kwetu pia."

Alizima runinga. Nyumba ilikuwa na sauti ambazo alikuwa hazijui, maji yakipita kwenye bomba la jirani, kiti kikiburutwa juu. Alivaa viatu, akashuka ghorofa zote tatu bila kujua anakwenda wapi. Nje jua lilikuwa kali na vivuli vifupi. Mtaa ule alikuwa ameupita asubuhi na jioni kwa miaka mingi, lakini wa saa nane mchana hakuujua: muuza duka amelala juu ya magunia, nguo zimetundikwa hadi kando ya barabara, paka katikati ya njia bila wasiwasi.

Jirani wa ghorofa ya kwanza alikuwa anaanua nguo. Aliacha, akamtazama kwa mshangao.

"Kumbe leo hukwenda kazini?" aliuliza.

Bi Chapa alimwambia kwamba amestaafu, huu mwaka wa nane.

"Mimi nilikuwa najua mchana huwa hupo," jirani alisema. "Hata hodi sikuwahi kukupigia."

"Nilikuwapo," alisema Bi Chapa.

Jirani alitikisa kichwa, akaendelea kukunja shuka. Ilikuwa shuka kubwa na upepo ulikuwa unamnyang'anya. Bi Chapa alisimama kidogo, kisha akashika pembe mbili za upande wake, wakaikunja pamoja. Ilipokwisha aliaga, akafuata barabara hadi mwisho wake, polepole, upande wenye kivuli.